Kioo Kilichozima Kila Ijumaa

Mwanzoni picha ilikuwa ikiganda tu. Mdogo wangu alibaki mdomo wazi, jicho moja limefumba, kisha kioo chote kikawa cheusi, lakini sauti yake ikaendelea kuzungumza kana kwamba hakuna lililotokea. Aliuliza habari za mbuzi, akauliza kama mvua imenyesha kwetu Mwabungo, na sisi tumekaa mbele ya giza. Baadaye kidogo kioo kilirudi, na chini pembeni kukatokea maandishi madogo: draiva ya picha iliacha kuitikia, sasa imerejea. Siku nyingine haikurejea kabisa. Hapo mimi nilikuwa nimeshasimama, nimeshapiga meza, nimeshatoa maneno ambayo mama hapendi kuyasikia, hasa siku ya Ijumaa.

Sijui kutulia, nakiri mapema. Nikisubiri maji yachemke nafunua sufuria mara kumi. Kazini, kwenye dawati la kupokea wageni katika hoteli moja ya Diani, wenzangu huniambia niketi maana nawatia kizunguzungu. Mama husema hata tumboni sikulala. Basi mtu kama mimi kupewa kompyuta kuukuu inayozima bila sababu ni mtihani, na mtihani wenyewe ulidumu kutoka Ramadhani hadi Mfungo Tatu, mwezi wa Hija.

Ingekuwa ni kompyuta ya kuandikia barua ningeitupa jalalani nikaendelea na maisha. Lakini ile ndiyo iliyokuwa ikipima macho ya mama.

Nieleze. Mdogo wangu ni mpishi Arabuni, kwenye jiko linalopikia vibarua wa ujenzi. Ana miaka minne hajarudi. Ijumaa ndiyo siku yake ya kupumzika, na saa zao na zetu ni sawa, kwa hiyo akishaswali na kula hupiga simu ya video alasiri, saa tisa hivi, nami zamu yangu ya Ijumaa huisha kabla ya hapo. Zamani tulimwona kwa simu yangu. Kisha mama akaanza kuishika simu karibu na pua, akaigeuza huku na huku, akasema kijisimu hiki kimekuwa kidogo. Daktari mmoja wa macho alikuja kupima watu shuleni kwetu, akamwangazia taa, akaniita kando. Akaniambia ni presha ya macho. Haiumi, alisema, inakula kuona taratibu kuanzia pembeni, na ilichokwisha kula hakirudi. Aende hospitali haraka.

Mama alikataa. Binamu yake alipasuliwa jicho akarudi ameshikwa mkono, na tangu siku hiyo mama akisikia neno hospitali anatafuta viatu vya kukimbilia. Tulibishana wiki nzima. Mwishowe akatoa sharti lake. "Mimi namwona mwanangu. Siku nitakayoshindwa kumwona kwenye kioo kikubwa, nitakwenda mwenyewe, hutanivuta."

Nikakubali, kwa sababu nilichoka kubishana, na kwa sababu kioo kikubwa tulikuwa nacho. Hoteli ilipobadilisha vifaa vya ofisi, ile mitambo ya zamani tuliuziwa wafanyakazi, nami nikabeba mmoja kwa tuktuk mpaka nyumbani: sipiyu, yaani lile sanduku lenyewe, kioo kipana chenye kamera juu, na kibodi iliyofutika herufi. Kadi ya picha iliyokuja nayo ilikuwa imekufa. Nikanunua nyingine kuukuu Ukunda, yenye kifeni chake mgongoni, nikaichomeka mwenyewe. Ijumaa ya kwanza sura ya mdogo wangu ilitokea kubwa kama sinia. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Alimwambia ana mvi kwenye ndevu, na kweli alikuwa nazo mbili.

Majirani wakaja. Kila Ijumaa kulikuwa na mtu wa kuja kumtazama mtoto wa watu Arabuni akiwa mkubwa vile. Wakakaa, wakanywa chai, wakasema mashaallah, na wengine hawakusema. Mama aliwahesabu wale ambao hawakusema. Kwa hiyo kioo kilipoanza kuzima alikuwa na jibu lake tayari.

"Wameingia na macho yao, wakatoka, wakatuachia maradhi," alisema.

"Mama, ni draiva."

"Dereva gani tena?"

Nikamweleza kwamba ndani ya kompyuta kuna programu ndogo inayoiambia kadi namna ya kuchora kile tunachokiona, na programu hiyo ikianguka kioo huwa cheusi hata kama vingine vyote vinafanya kazi. Ndiyo maana sauti haikatiki. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Haya. Na nani kaiangusha?"

Mimi mtu akiniuliza kitu nisichokijua nawaka moto. Nikaanza kazi. Nilitoka kazini jioni, nikala kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye kipanya. Kwanza nilishusha draiva mpya kabisa. Bando likaisha katikati, nikanunua jingine, likafika, nikaweka. Ijumaa kioo kikazima dakika ya sita. Nikasoma mitandaoni kwamba kadi za zamani hazipatani na draiva mpya, nikatafuta ya zamani. Lakini haiwekwi juu ya nyingine, sharti ile ya kwanza ing'olewe mpaka mizizi, kompyuta ikiwa imewashwa kwa ile hali ya tahadhari ambamo kila kitu kinakuwa kikubwa na kibaya. Nikaing'oa. Nikaweka ya zamani. Usiku huohuo kompyuta ikajisasisha yenyewe bila kuniuliza, ikairudisha ile mpya. Wallahi siku hiyo nililia kwa hasira. Nilikwenda nje nikazunguka kisima mara nne.

"Wewe na hilo sanduku," mama alinitania aliponisikia nikirudi, "mngeoana tu, tujue moja."

Nikazima kujisasisha. Nikapunguza ukubwa wa picha. Nikaondoa ule mpangilio unaoiruhusu programu ya simu kuibebesha kadi mzigo wote. Nikatoa vibao vya kumbukumbu, nikasugua meno yake kwa raba ya wanafunzi, nikavirudisha. Kila nilipofanya jambo nilifanya mengine matatu palepale, bila kungoja kuona lile la kwanza limezaa nini, kwa hiyo hata kama mojawapo lingekuwa dawa nisingejua ni lipi. Mama huniambia haraka haraka haina baraka tangu sijaota meno. Kuna maneno mtu akisikia mara nyingi huacha kuyasikia.

Na kila Ijumaa ilikuwa vilevile. Mdogo wangu anatokea, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, hujambo?" dakika tano, dakika saba, picha inaganda, giza. Mimi naruka, "Samahani mama, ni mashine, subiri kidogo," na nabonyeza vile vitufe vinne vya kuamsha draiva. Mara inaamka, mara haiamki. Mama alingoja kwa subira ambayo sijui aliipata wapi, maana mimi hakunirithisha. Nilimwuliza kila mara, "Lakini ulimwona kabla hakijazima?" Alijibu, "Nilimwona." Nikashukuru. Nikawaza, maadamu bado anamwona, tuna muda.

Mwezi wa pili nikaifunga sipiyu kwa leso, nikapanda bodaboda nimeipakata, nikaipeleka kwa fundi wa Ukunda. Ni kijana wa bara, mcheshi, ana meza ndefu yenye simu zilizopasuka na feni kubwa ya mezani inayompulizia yeye na mizigo yake. Akafungua ubavu wa sanduku, akaunganisha kioo chake.

"Madam, wacha nayo. Nitai-test na game moja kali. Ikihimili hiyo, itahimili chochote."

Nilirudi jioni baada ya zamu. Alikuwa anacheza mpira kwenye kompyuta yangu.

"Hii mashine iko poa kabisa. Imefanya kazi tangu asubuhi, haija-hang hata mara moja. Labda stima ya kwenu ndiyo mbaya."

"Stima ya kwetu ni hiihii ya kwenu," nikamwambia.

"Basi sijui, madam. Hapa kwangu haina noma."

Nilimlipa kwa uso mkavu nikairudisha nyumbani, nikaunganisha, nikafungua video ya harusi ya jirani kuijaribu. Bibi harusi hakufika hata jukwaani. Giza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. "Kwa fundi haizimi?"

"Haizimi."

"Hapa yazima."

"Ndiyo."

"Basi tatizo ni nyumba hii," alisema, akaondoka kwa kupapasa ukuta, polepole. Ukweli ni kwamba kwa mara ya kwanza niliogopa kwamba huenda anasema kweli. Mtu mzima niliyesoma, ninayejua draiva ni nini, nililala siku hiyo nikiwahesabu majirani.

Kilichonitoa huko ni kijiprogramu cha kupima joto la kadi. Nilikipata kwenye ukumbi mmoja wa mtandaoni, mtu mmoja alimshauri mwenzake kabla ya kulaumu draiva apime joto. Nikakiweka. Kompyuta ikiwa imekaa bure, kadi ilikuwa na nyuzi sabini. Nikafungua video, nikatazama namba zikipanda: themanini, tisini, na zaidi, na hapo kioo kikafa. Nikafunua ubavu wa sanduku nikaelekeza feni yetu ya mezani ndani, na namba zikakataa kupanda. Ndipo nikakumbuka meza ya fundi na feni lake. Draiva haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa ikianguka kwa joto, na miezi miwili mimi niliishtaki bure.

Lakini kwa nini ipate joto namna ile, sikujua, na siku hiyo stima ilikatika kabla sijaendelea. Kesho yake, Alhamisi, tulibadilishana zamu na mwenzangu, nikafika nyumbani mapema, alasiri haijaisha. Nilipoingia kibarazani nilisikia harufu ya ubani. Hilo si jipya. Kwetu Alhamisi jioni chetezo huwashwa, marehemu husomewa, nyumba hufukizwa. Nilizaliwa katika harufu hiyo. Nikavua viatu, nikaingia.

Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya meza ya kompyuta. Chetezo alikuwa amekisukuma chini ya meza, makaa yamewaka vizuri, na anadondosha ubani vipande vikubwa vikubwa huku midomo ikisoma. Sanduku lilikuwa limewashwa, kwa sababu nililiacha usiku stima ilipokatika, na iliporudi likajiwasha. Moshi ulipanda kwa utulivu mpaka usawa wa sanduku, kisha ukapinda wote, ukaingia ndani. Nilisimama nikautazama ukivutwa. Sanduku lilikuwa linaunywa.

"Mama, unafanya nini?"

Alishtuka, lakini hakuinuka. "Nafukiza. Nimelifukiza kila Alhamisi tangu lianze kuugua. Na Ijumaa asubuhi ukienda kazini, kabla hajapiga. Wewe na dawa zako, mimi na zangu."

Sikungoja. Niling'oa waya, nikaliweka sanduku sakafuni, nikafungua, nikachomoa kadi. Kifeni chake kilikuwa hakionekani. Kilivikwa utando wa kahawia, mzito, unaonata kama sukari guru iliyoyeyuka, uliochanganyika na vumbi na chumvi ya bahari, na ulinukia ubani safi kabisa. Mapezi ya chuma chini yake yalikuwa yameshikamana kuwa kitu kimoja. Nikaelewa mwendo wote kwa pamoja. Kompyuta ilizima siku ya kwanza kwa uzee wake. Mama akaifukiza. Kwa kufukizwa ikazima zaidi. Kwa kuzima zaidi akaongeza ubani. Na mimi huku juu nang'oa draiva na kupanda draiva.

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa, na ningesema hilo tu ingetosha. Lakini nina ulimi.

"Miezi miwili," nilimwambia, "miezi miwili nahangaika na chombo hiki, nimekipakata barabarani kama mtoto mgonjwa, nawadhania majirani mabaya. Kumbe mwenye jicho yumo humu humu ndani. Ni wewe, mama. Wewe ndiye unayemzuia mwanao asionekane."

Nilijua nimevuka mpaka kabla sijamaliza sentensi. Mama yangu hakubali kosa. Huyu ni mtu aliyewahi kuunguza wali wa matanga na akawaambia wageni mchele ulikuwa wa moshi. Nilingoja anirukie. Yeye akatafuta kwa mkono mpaka akapata mguu wa meza, akajiinua, akasema kwa upole, "Basi ni mimi. Nimekosa, mwanangu. Nisamehe." Akaenda zake jikoni.

Nilishangaa, na baada ya kushangaa nikafurahi. Niseme ukweli, nilifurahi. Niliona nimeshinda.

Kadi niliiosha kwa spiriti na mswaki wa zamani. Ilichukua jioni nzima na nusu ya siku iliyofuata, maana ule utando ulikuwa ukikataa kung'oka, na mimi vidole vyangu vilikuwa vikitaka kumaliza. Ijumaa hiyo tulizungumza na mdogo wangu kwa sauti tu. Nikanunua ile dawa nyeupe ya kupoza inayopakwa kati ya chuma na chuma, nikapaka, nikafunga. Nikapuliza vumbi la pembeni kwa pampu ya baiskeli. Nikahamisha sanduku juu ya kibao, mbali na ukuta. Nilipowasha, namba zilikuwa arubaini na kitu. Nikacheza harusi ya jirani mwanzo hadi mwisho, mpaka wakaosha vyombo. Haikuzima. Nikaicheza kesho yake tena. Mama alikuwa akinipita anasema, "Huyo bibi harusi mwaka huu ataolewa mara ngapi?" na mimi nilicheka, tukawa tumerudi kuwa watu.

Alhamisi iliyofuata hakuwasha ubani kabisa. Hata wa marehemu. Nilimwambia anaweza kuwasha kibarazani, akasema kuna siku nyingi.

Ijumaa niliomba ruhusa ya siku nzima kazini. Kuanzia saa saba nilikuwa nimeshaoga, nimeshafuta kioo, nimeshaweka kiti cha mama mbele na stuli yangu ubavuni mwake. Kwa kuwa waya wa spika ulikuwa mfupi katika mpangilio ule mpya, spika niliiweka dirishani, upande wa kushoto. Nilikaa, nikasimama, nikakaa. Nilikuwa na jambo langu moyoni. Leo mashine ni nzima, nilijiambia, leo haina kisingizio. Nitamwuliza mama anaona nini hasa, na akisema ndevu nitamwuliza mvi ngapi.

Simu ikaingia. Mdogo wangu akatokea, kioo kizima, amevaa kanzu, nyuma yake ukuta wa buluu na taulo msumarini. Picha ilikuwa safi ajabu. Wakaamkiana. Akaeleza habari za jikoni, kwamba sasa anapikia watu mia nne, kwamba msimamizi mpya ni mkali. Mama akacheka palipostahili kuchekwa. Nikatazama saa: dakika kumi, kumi na mbili. Nilikuwa nimejaa fahari, na lile swali la mvi nikasema nitaliuliza akinyamaza kidogo.

Dakika ya kumi na tano kioo kikawa cheusi.

Sikuamini; joto halikuwepo tena, labda ni ule uzee wake wa siku ya kwanza. Mkono wangu ulikwenda kwenye vile vitufe vinne wenyewe. Siku nyingine zote ningekuwa nimeshasema samahani mama, ni mashine. Siku hiyo hasira ilinisahaulisha kusema. Mdogo wangu aliendelea kuzungumza gizani, yeye upande wake akituona bila shida. Alipomaliza, mama akasema:

"Hebu geuka kidogo nikuone upande."

"Hivi, mama?"

"Hivyo hivyo." Alitabasamu, akatikisa kichwa taratibu. "Mashaallah. Umenawiri, mwanangu. Chakula chako mwenyewe kimekukubali."

Nilimtazama. Uso wake haukuwa umeelekea kioo. Ulikuwa umeelekea dirishani, kwenye spika, na ndiyo aliyokuwa akiitabasamia.

Vidole vyangu vikabonyeza. Draiva ikaamka, picha ikarudi. Mdogo wangu alikuwa bado amegeuka upande, shingo ameinyoosha, ametulia kabisa ili mama yake apate kumtazama mpaka atosheke. Mama hakusogea. Nilikaa hapo mpaka wakaagana, wakaombeana dua, nikakata simu.

"Leo imetulia mashine yako," mama alisema.

"Mama, kioo kilizima."

"Kilizima lini?"

"Ulipomwambia ageuke."

Akashika pindo la leso yake akalisokota. Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Nilitaka aseme kitu haraka, chochote, hata anidanganye.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Ramadhani inaanza nilikuwa namwona kivuli. Kikapungua, kikapungua. Sasa ni mwanga tu, kama hivi dirisha."

"Na hukusema. Tuliahidiana, mama."

"Ningesema saa ngapi?" Hakuwa na ukali hata kidogo. "Kila Ijumaa nilijiambia, leo nitasema simwoni. Kabla sijafungua mdomo wewe umeruka: samahani mama, ni mashine. Nami nikasema, alhamdulillahi, basi ni mashine. Ule ubani nilikuwa nikiomba iwe mashine kweli. Na ningekuambia wewe, ungemwambia yeye, naye angeacha kazi akaja."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Karibu miezi mitatu. Yule daktari alisema kinachokwenda hakirudi, na muda wote huo mimi nilikuwa na bisibisi mkononi, nikisafisha kila kitu ndani ya nyumba ile isipokuwa kile kilichokuwa kikiharibika. Nikakumbuka nilivyomwita mwenye jicho, siku ile ya chetezo, na kwa nini aliomba msamaha upesi vile. Nilikuwa nimempa pa kujificha.

"Jumatatu tutakwenda," nikasema.

"Twende."

Hakubisha. Ningependa abishe. Nikageuza stuli nikakaa mbele yake, nikamwuliza swali ambalo sikuwahi kuliuliza kwa sababu sikudhani lina jibu zaidi ya moja. "Na mimi, waniona?"

Akacheka kidogo. "Wewe hunipi taabu. Wewe nakujua ulipo saa zote. Mlango waupiga, kiti wakiburura, mguu wacheza, kijiko chagonga kikombe. Hujatulia tangu uzaliwe."

Nikautuliza mguu. Nikaingiza mikono katikati ya magoti, nikakaa kimya mbele yake, bila kugusa chochote, nikivuta pumzi kidogo kidogo. Alingoja. Akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza. Kisha akanyoosha mkono hewani, pembeni kidogo ya bega langu.

"Umetoka?" akauliza.